Mitandio kumi na mmoja kabatini, na kila siku natoka kichwa wazi

BARUA

Dada, shikamoo.

Nina miaka 28, naishi Kigamboni na nafanya kazi mapokezi katika ofisi moja Posta. Asubuhi navuka kwa pantoni, jioni nikichelewa napanda bodaboda kutoka kivukoni hadi nyumbani. Nguo zangu za kazi ni chache: suruali nyeusi, sketi ya kijivu, jinzi ya Ijumaa, blauzi nyeupe, blauzi ya krimu, shati la bluu bahari na gauni moja la kitenge. Sina uwezo wa kuongeza nyingine mwaka huu.

Nilicho nacho tele ni mitandio. Sare za harusi, zawadi za kichen pati, nyingine nimenunua Mtaa wa Kongo kwa sababu ya rangi tu. Nimehesabu: shifoni ndefu tano, satini za mraba tatu (moja ina doa la mafuta katikati), kitambaa kidogo cha pamba, na doti moja ya kanga. Pia kuna kipande cha kitenge cha yadi mbili ambacho hakijashonwa.

Nimejaribu kuvitumia ili nguo zile zile zionekane tofauti, nimeshindwa. Shifoni nikijifunga kilemba asubuhi, saa nne kimeshafika kisogoni. Nimekibana kwa pini, sasa mbili zina matundu. Kitenge kinashika, lakini mchana kichwa kinagonga, na naona nywele za pembeni mwa paji zinapungua. Satini nikifunga shingoni wenzangu wananiuliza ndege inaondoka saa ngapi, halafu natoka jasho. Upepo wa pantoni ndio unamaliza kabisa.

Kwa kawaida nasuka twende kilioni. Sivai hijabu, nataka pambo tu la kila siku lenye heshima ya ofisi. Je, ni mikono yangu, au ninunue mitandio ya aina nyingine?

Mwenye Kabati, Kigamboni

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Mikono yako haina kasoro. Tatizo ni kwamba kila kitambaa umekipa kazi ya mwenzake. Shifoni umeifanya kilemba, satini umeitia shingoni wakati wa joto, na kitenge chenye wanga umekikaza kama kamba ya mzigo. Mtandio hukaa mahali pake kwa sababu mbili: una urefu wa kutosha kufungwa, na una kitu cha kung'ang'ania. Kimoja kikikosekana, hata uwe fundi namna gani, saa nne utaukuta kisogoni.

Kwa hiyo kabla ya kioo, tafuta futi ya fundi. Pima kichwa chako kuanzia juu ya paji kupita chini ya kisogo; watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 54 na 58. Pima shingo na kiuno pia. Kisha pima mitandio, na ile ya mraba uipime kutoka pembe hadi pembe, maana ukiikunja pembetatu huo ndio urefu unaoufunga. Satini ya 90 kwa 90 inakupa kama sentimita 127. Kichwa cha 56 ukikizungusha mara mbili zinakwenda 112, zinabaki 15, hazitoshi hata fundo. Basi mraba wa 90 ni wa mzunguko mmoja tu kichwani, wenye mikia miwili ya sentimita 35 hivi. Haujawahi kuwa kilemba na hautakuwa. Kitambaa kidogo cha pamba, kama ni cha 55, kinatoa 78: shingo mara moja, kifundo cha mkono, au nywele zilizofungwa nyuma. Shifoni ndefu nyingi zinazouzwa hapa ni kama 180 kwa 70, na hizo kwa urefu zinatosha kilemba. Kinachoziangusha ni utelezi.

Ujue pia kitambaa chenyewe ni nini, kwa sababu muuzaji atakuambia "hariri" kwa kila kinachong'aa. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa kibano juu ya sinki, uuwashe. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni poliesta. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba au viskosi. Ukinuka kama nywele zilizoungua, hapo ndipo una hariri kweli. Nakuhakikishia karibu shifoni zako zote zitayeyuka. Si dhambi, ila poliesta hainywi jasho na nyuzi zake ni laini mno, ndiyo maana inateleza kichwani na kukuchemsha shingoni.

Tuanze na kichwa, maana ndipo penye kazi.

Twende kilioni ni msuko mzuri lakini mgumu kwa kilemba. Mistari yote inaelekea nyuma, kichwa ni bapa, na mafuta uliyopaka pembeni yanamalizia. Kitambaa kinateleza kufuata mistari kama gari la moshi kwenye reli. Unahitaji kofia ya ndani, na vitu vya kuishona unavyo tayari. Chukua kipande chako cha kitenge, yadi mbili ni kama sentimita 183 kwa urefu, upana kama 115. Kifue kwanza: kiloweke usiku kucha kwenye maji baridi yenye sabuni kidogo, kisuuze mpaka maji yatoke safi. Ule ugumu wa dukani ni wanga, na nusu ya maumivu ya kichwa chako yanatokana nao, kwa sababu kitambaa kigumu hakifuati umbo, kinabonyeza kwenye mikunjo. Kikikauka, fundi akipasue katikati kwa urefu upate vipande viwili vya 183 kwa 57. Kimoja apige pindo, hicho ndicho kilemba. Kutoka kwenye cha pili ashone kofia, nje kitenge, ndani ile satini yenye doa. Kitenge kwa nje kinaukamata mtandio, satini kwa ndani haikwangui nywele wala kunyonya mafuta yake. Mwambie mambo mawili, na uyasisitize: lastiki iwe nyuma tu, sikio hadi sikio kupitia kisogoni, isiguse paji, na ukingo wa mbele aache sentimita 3 za kitenge kwa ndani bila satini, la sivyo kofia yenyewe itateleza na utakuwa umehamisha tatizo tu.

Sasa kufunga. Kunja kilemba katikati kwa urefu kibaki na upana wa 28. Wengi huanzia mbele. Wewe anzia nyuma. Weka katikati ya kitambaa chini ya kisogo, pale kwenye bonde ambapo fuvu linaingia ndani kukutana na shingo. Hilo bonde ndilo linaloshika kilemba. Ukikiweka juu ya nundu ya kisogo, kitapanda chenyewe na kuvuka. Leta ncha mbele juu ya masikio, zikutane juu ya paji, zipishanishe mara moja kama unavyoanza kufunga kamba za viatu. Vuta ncha kwenda pembeni, usivute juu. Zirudishe nyuma, zipishanishe tena kwenye lile bonde, usifunge fundo. Hapa ndipo watu hukaza kwa nguvu zote na mchana wanatafuta Panadol. Ingiza kidole cha shahada kati ya kilemba na upande wa paji: kisipoingia, legeza. Mizunguko miwili imekula kama 112, umebaki na mikia ya sentimita 35 kila upande. Ilete juu, isokote kila mmoja kidogo, uizungushe pale utosini na kuichomeka kwa kuisukuma chini na ndani. Kwa kuwa twende kilioni haina kinundu cha nywele cha kuzungushia, kunja soksi safi kama kata ya kubebea ndoo, ishikize juu ya kofia ya ndani kwa nyuzi mbili tatu. Usiweke fundo lolote kwenye panja wala juu ya sikio. Hapo ndipo kichwa kinagonga.

Kuhusu nywele za pembeni, hilo lisikuchekeshe. Kuvutwa mahali pale pale kila siku hung'oa nywele kidogokidogo, na wewe unavutwa mara mbili, na msuko kisha kilemba. Mwambie msusi asianze mstari kwenye vile vinywele vyembamba vya mbele, na kilemba ukae nacho siku mbili kwa wiki, isizidi tatu, ukibadilisha kinapoishia: leo kwenye ukingo wa nywele, keshokutwa sentimita 2 nyuma yake. Kama ngozi ya hapo imekuwa nyororo na inang'aa, acha kwanza vyote viwili uende kwa daktari wa ngozi. Vinyweleo vikifa havirudi, lakini ukiwahi vinapona.

Shifoni basi zifanye nini? Moja ambayo haijatoboka inaweza kuwa kilemba cha sherehe juu ya ile kofia mpya, itashika. Kwa siku za kazi, matumizi yake bora ni chini ya ukosi. Vaa shati la bluu bahari, fungua kifungo kimoja, pitisha shifoni iliyokunjwa hadi sentimita 6 chini ya ukosi kama unavyopitisha tai, ziache ncha zining'inie, upande mmoja mrefu kuliko mwingine kwa kiganja, kisha uvae mkanda juu yake kiunoni. Haifungwi fundo, haigusi shingo, ukosi unabeba uzito. Ncha ziishie kabla ya mfupa wa nyonga au ziupite kabisa. Zikikatika pale pale penye upana, ndipo jicho la kila mtu litatua.

Zile mbili zenye matundu usizitupe. Fundi akate sehemu mbovu, zilizobaki azipasue vipande vya sentimita 20 kwa 120 na kupiga pindo jembamba kabisa. Hizo ni za kufungia nywele siku ukifumua, au kusuka pamoja na rasta. Matundu yalikuja kwa sababu pini nene hukata uzi badala ya kupita katikati ya nyuzi. Pini ya shifoni iwe nyembamba kama sindano ya mkono, na ipite kwenye tabaka mbili au tatu zilizokunjwa pamoja. Kuna wanaotumia sumaku, nazo ni nzuri, ila kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa usizilete: mbili zikimezwa hunasana utumbo katikati, na hapo ni upasuaji.

Sasa hao wanaokuuliza ndege inaondoka saa ngapi. Wanachokiona ni vitu vitatu kwa pamoja: fundo dogo la kubana, limekaa ubavuni mwa koo, juu ya ukosi uliofungwa. Vunja kimoja tu, na utani utakosa mahali pa kushika. Njia rahisi ni kushusha fundo. Kunja satini pembetatu, ikunje tena na tena mpaka iwe ukanda wa sentimita 5, iweke shingoni, pitisha ncha zote mbili ndani ya pete pana isiyo na makali, isukume pete hadi usawa wa kifungo cha pili. Unapata umbo la V lenye nafasi ya hewa. Kwenye blauzi nyeupe inakaa vizuri kuliko kwenye krimu, kwa sababu mng'ao wa satini huifanya krimu ionekane imefubaa.

Lakini kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma na jasho halikauki, shingo iache. Satini zako mbili zilizobaki zipeleke kiunoni na kwenye mkoba.

Kiunoni: ukanda ule ule wa sentimita 4 au 5 kutoka mraba wa 90 unapita kwenye vishikio vya mkanda vya jinzi. Una 127, kiuno cha 80 kinakuachia 47 za kufunga, na mpaka kiuno cha 95 bado unafungika. Zaidi ya hapo tumia shifoni ndefu. Fundo liwe ubavuni, mbele ya mfuko, si katikati ambapo linasukuma blauzi kama kitovu cha pili. Na funga hivi: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Watu hurudia upande ule ule mara mbili, fundo linasimama wima badala ya kulala, na kwa satini linafunguka kabla hujafika Magogoni. Skauti yeyote atakuonyesha tofauti.

Mkoba: mikono ya ngozi bandia huanza kubanduka pale mkono wenye jasho unaposhika, na hapo satini inafanya kazi mbili. Anza na fundo kwenye kitako cha mkono, zungusha ukilalia nusu ya mzunguko uliopita, malizia na fundo. Ukanda wa 127 unatosha mkono mmoja wa mkoba wa sentimita 40 hadi 45. Mkoba wako ukiwa na mikono miwili, izungushe yote miwili ikiwa imeshikana karibu na juu, au tumia satini zote mbili. Usinunue ya tatu kwa ajili hiyo tu.

Kanga sasa, maana naona umeitaja mwisho kama ya jikoni. Kata doti upate kanga mbili, kila moja kama 150 kwa 110. Ndani ya ofisi yenye kiyoyozi hakuna kinachozidi kanga ya pamba mabegani: ikunje kwa mshazari, unapata kama 186 kutoka pembe hadi pembe, tupia mabegani, ncha moja ipite mbele na kulala juu ya bega la pili. Pamba haitelezi juu ya pamba, kwa hiyo huhitaji pini. Kwa mkanda mpana juu ya lile gauni lako la kitenge, hapana. Maua juu ya maua ni vita. Ifunge juu ya sketi ya kijivu na blauzi ya krimu: ikunje kwa urefu hadi upana wa sentimita 14, pindo likae nje, ifunge ubavuni.

Angalia tu jina linaangukia wapi. Kanga husomwa, na wewe uko mapokezi. "Japo sipati tamaa sikati" mgeni ataisoma akatabasamu. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ikitokea kifuani mwako asubuhi ambayo bosi kakusema, hakuna atakayeamini ilikuwa bahati mbaya. Unapokunja, anza na upande wenye jina uingie ndani, pindo la upande wa pili ndilo libaki nje.

Kwa rangi sina mengi. Mtandio wenye maua uende kwenye nguo ya rangi moja, na angalau rangi moja ya mtandio iwe tayari mwilini mwako, hata kama ni ya kiatu. Gauni la kitenge livalie kilemba kisicho na maua kabisa, ile shifoni ya rangi moja juu ya kofia.

Pantoni na bodaboda ni mambo mawili tofauti. Kwenye pantoni upepo unatoka ubavuni, unaingia chini ya ncha na kuinua. Chomeka ncha zote ndani ya blauzi au funga koti mpaka uteremke. Kwenye bodaboda usivae kabisa kitu chenye mkia, si shingoni, si kiunoni. Mcheza dansi wa Marekani, Isadora Duncan, alikufa Nice, Ufaransa, mwaka 1927 kwa skafu ndefu ya shingoni iliyonaswa na gurudumu la gari lililokuwa likiondoka. Bodaboda ina gurudumu na mnyororo karibu zaidi na wewe kuliko gari lile. Kilemba nacho kivue ukiweke mkobani, kwani helmeti haikai juu ya kilemba. Inaelea, na helmeti inayoelea haikukingi. Ndiyo sababu nyingine ya kutumia kilemba cha kuchomeka kisicho na fundo. Unakivua kwa sekunde, na ile kofia yenye soksi nayo.

Kufua: kanga mpya ifue peke yake mara mbili tatu, hasa nyekundu na nyeusi. Chumvi unayoambiwa uitie haizuii rangi za kisasa kutoka, inakula chumvi yako tu. Maji baridi na kutoiacha imelowa juu ya nguo nyingine ndiyo kinga. Shifoni na satini za poliesta pasi yake iwe ya moto mdogo kabisa, kupitia juu ya kitambaa chembamba cha pamba. Moto ukizidi hazikunjuki, zinayeyuka juu juu na kuacha mng'ao usiotoka. Zihifadhi kwa kuzivingirisha. Mikunjo ya miezi mitatu kabatini hutoka kwa shida kuliko ya kufua.

Umeuliza kama ununue. Kimoja tu: mraba wa pamba nyepesi, 90 kwa 90, wenye rangi ya bluu ndani yake. Ndio pekee unaoweza kuvaliwa shingoni wakati wa kaskazi bila kukuchemsha, na kichwani kwa mzunguko mmoja siku ambazo nywele zako zinapumzika na kilemba. Kabla hujalipa, ukunje pembetatu hapo hapo dukani na ufunge fundo moja kwenye kiganja. Ukiachia na fundo likibaki lilivyo, chukua. Likijifungua lenyewe, mrudishie muuzaji, hata akikuapia kuwa ni pamba tupu.